Mfugaji Uani Makole

Miaka ile maduka ya Dodoma yalikuwa yameanza kujaa tena. Sabuni za kila rangi, vitenge, redio ndogo za betri, mitumba iliyorundikwa kando ya barabara. Kwenye kituo chetu cha afya mambo yalikwenda kinyume. Jiko la wagonjwa lilifungwa, masufuria yakapelekwa stoo, tukaambiwa kila mgonjwa ataletewa chakula na ndugu zake. Asiye na ndugu karibu ale nini, hakuna aliyesema.

Nilikuwa nesi mpya, msichana kutoka Kondoa. Ninachokikumbuka zaidi ni mchana wa pale: upepo ukigonga mabati, vumbi jekundu likipenya kila ufa na kutulia taratibu juu ya mashuka, wagonjwa wakisinzia, nami nikisinzia nimesimama. Siku ziliingiana, kama mtu anayeota na anajua anaota.

Mchana mmoja wa namna hiyo lori lililotoka kuchukua zabibu Makutupora lilisimama getini. Juu ya makreti alikaa mzee mfugaji, amejifunga shuka, fimbo mkononi. Aliposhushwa alitusalimia kwa Kigogo, "Mbukwa," kisha akakohoa mpaka akakaa chini. Kilikuwa kifua kikuu. Sindano kila asubuhi, halafu vidonge kwa miezi mingi. Alikubali yote. Wagonjwa wenzake wakawa wanammegea ugali wao. Kisha asubuhi moja nikakuta kitanda kitupu, blanketi limekunjwa vizuri.

Sista, muuguzi wetu mkuu, mama mnene mwenye sauti ya polepole, alinipakia kwenye gari la chanjo tukamfuata kijijini kwake. Tulimkuta amekaa katikati ya ng'ombe wake, macho yameingia ndani.

"Shikamoo, babu," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mmenifuata?"

"Tumekufuata. Mbona uliondoka bila kuaga?"

"Dawa yenu haina kosa," alisema. "Ila nikilala pale nasikia ng'ombe wanalia. Naamka, naona ukuta. Nikilala tena, wanalia."

Mkewe alikuwa amefariki, na binti yake wa pekee ameolewa mbali. Jirani aliyemwachia ng'ombe alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe wa kuchunga.

Sista akakaa juu ya jiwe, kana kwamba gari halimsubiri. "Tuseme ng'ombe wamepata mtu wa kuwachunga. Ungerudi?"

"Ningerudi. Lakini nitakula nini? Kuomba ugali wa wagonjwa wenzangu kunaniuma kuliko kifua."

Ndani ya gari Sista alijifuta vumbi usoni. "Kifua tuna dawa yake," akaniambia. "Haya mengine tusipoyatafutia dawa, sindano tunachoma bure."

Akarudi kijijini kuzungumza na mwalimu wa kanisa. Vijana wa kwaya wakakubali kuchunga kwa zamu, maziwa yakawa yao. Kisha akanichukua twende mtaa wa Makole, pale mjini, kwa mjane mmoja muuza vitambaa, mwenye nyumba kubwa na ua mpana uliokuwa na harufu ya udi. Sote tulimwita Bibi.

"Anaambukiza?" Bibi aliuliza.

"Kwa sasa, ndiyo," Sista hakumficha. "Akirudi atakaa kwanza wodini achomwe sindano, hatari itapungua. Wakati huo tunaomba chakula tu. Baadaye alale hapa uani, penye hewa."

Bibi alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. "Babu wa babu yangu aliingia huku Ugogo kabebwa kwenye machela," alisema. "Wenzake wa msafara kutoka pwani wakamwacha wakijua anakufa. Akatokea Mgogo, wala hawakuelewana lugha, akamnywesha maziwa. Sisi wote humu ndani tumetokana na maziwa yale. Mleteni."

Ndivyo mfugaji alivyorudi wodini, akila chakula cha Bibi, na hatari ilipopungua akahamia uani Makole. Asubuhi alitembea polepole hadi kituoni kuchomwa sindano, kisha akarudi kulala kwenye jamvi. Dereva wa lori la zabibu, aliyepita karibu na kijiji chake, alichukua habari kwa wanakwaya na kuzifikisha mlangoni kwa Bibi.

"Babu! Yule mweusi mwenye doa kazaa! Ndama jike!"

Jioni nilipotoka kazini nilipitia pale. Ua ulikuwa wa rangi ya dhahabu, moshi wa udi ukichanganyika na utamu wa zabibu zilizopondeka barabarani, na yule mzee, macho amefumba, akimsimulia Bibi ng'ombe wake mmoja mmoja. Alisimulia taratibu mno hata nikaanza kuwaona wakipita kati ya kamba za nguo, mmoja nyuma ya mwingine, bila kishindo. Bibi naye aliinua miguu yake kidogo, kama anayewapisha.

Kiangazi kilipokaza, siku moja nikiwa kwa Bibi, dereva alisimama mlangoni bila kuita. Ng'ombe mwekundu, aliyekuwa kipenzi cha marehemu mkewe, amekufa. Nikamnong'oneza Bibi tumfiche mzee kwanza, amalize sindano.

"Tukimficha hili," Bibi alisema, "hata habari njema hatatuamini tena." Akaenda mwenyewe kumwambia.

Mzee alimtazama dereva. "Walimpa maji?"

"Walimpa, babu. Walikesha naye."

Akajifunika shuka hadi kichwani. Nilikwenda kulala nikijua tumempoteza.

Asubuhi nilimkuta kwenye benchi la kituo, mkono wa shati umekunjwa tayari. "Vijana wamekesha na ng'ombe asiye wao," aliniambia. "Nitawaendea na uso gani, niwaambie mimi sindano imenishinda?"

Alipona. Baada yake Sista akabadilisha namna ya kuwapokea watu. Kabla ya kuuliza panauma wapi, aliuliza, "Nyumbani umemwacha nani?" Majibu aliyapeleka kanisani, msikitini, shambani kwa watu wa zabibu, popote palipokuwa na mtu wa kuyasikia. Kuna waliotufukuza. Kuna wagonjwa ambao hatukuwapatia mtu, na walitoroka wasirudi.

Mvua zilipofika nilipata likizo, nikaenda kumwona kijijini kwake. Tembe lake lilikuwa limeota majani mabichi juu ya paa lake la udongo. Alinikaribisha kwa ugali wa uwele na mlenda, akanitandikia ngozi nipumzike. Nilijilaza nikisikia mvua ikitembea juu ya udongo, na upande wa pili wa ukuta ng'ombe wakipumua. Yeye alikuwa nje anazungumza nao kwa Kigogo, sauti nzima, isiyokatishwa na kikohozi. Sikuelewa hata neno moja. Nikalala.