Koti la Marehemu na Wanasesere wa Mama Mdogo

Kiingereza changu cha kidato cha pili kilikuwa cha kuombea maji, lakini mtaani kwetu Same aliyelijua hilo ni mimi peke yangu.

Ilikuwa miaka ile nguo zilipoanza kuonekana tena. Kabla ya hapo tulivaa viraka juu ya viraka, na mama alipanga foleni tangu asubuhi kwa ajili ya kipande cha kitambaa ambacho mara nyingi kiliisha kabla hajafika mbele. Sasa mitumba ilimwagwa chini sokoni, na watu wakaiita kafa Ulaya, eti aliyeivaa mwanzo ameshakufa huko kwao. Walisema hivyo wakicheka, huku wakijipima makoti.

Video nayo ikaja. Kilijengwa kibanda karibu na stendi, madirisha yakazibwa kwa magunia, na Jumamosi mchana tulijazana humo tukivuja jasho. Filamu iliyotukamata kuliko zote ilikuwa ya kikaragosi cha mti kilichoinuka chenyewe na kuua watu. Swali likawa moja: ile roho mbaya ilikiingia kutoka wapi? Tulibishana wiki nzima. Mwenzetu mmoja, ambaye baba yake alikuja kutoka Songea kukata mkonge, alishikilia kwamba kilichongwa kutoka mti aliojinyongea mtu. Mwingine wa Makanya alisema kilifukuliwa ardhini na wachimba jasi wa huko kwa wazungu, na hakikupaswa kuguswa. Kisha wakanigeukia mimi, msomi wao, kwa sababu katika filamu kulikuwa na mahali ambapo mzee mmoja anaeleza jambo kirefu kwa Kiingereza.

Katika maelezo yote yale nilidaka maneno mawili tu, koti na maiti. Ningeweza kusema sikuelewa. Badala yake nilikohoa kidogo kama mwalimu wetu wa historia, nikaeleza kwamba kikaragosi kilivalishwa koti la marehemu, na marehemu akaja kulifuata koti lake. Mmoja akauliza polepole, "Kwa hiyo na nguo za kafa Ulaya je?"

"Ukimvalisha mtu hakuna neno," nikasema, maana shati nililovaa mwenyewe lilikuwa la mtumba. "Ukitengenezea sanamu, hapo umemkaribisha mwenyewe."

Naapa sikumfikiria mama mdogo hata kidogo. Alikuwa mdogo wake mama, akiishi kwetu, mguu wake mmoja mfupi kwa ugonjwa wa utotoni. Aliteremka kutoka Mamba kwa sababu mashamba ya kule yananing'inia mlimani, na yeye jembe na mteremko havikumfaa. Kwetu alishona wanasesere kwa mabaki ya mitumba, akawajaza nyuzi za mkonge, akawawekea vifungo kuwa macho. Aliwauza kwa abiria stendi na kwa akina mama wa mtaani. Aliwaita wanangu, na hakuwa na wengine.

Maneno yangu yalitembea haraka kuliko basi. Mtoto wa jirani alipopata homa, mwanasesere wake alirudishwa akaachwa mlangoni kwetu, kalazwa kifudifudi. Kufikia mwisho wa juma walikuwa saba.

Nilirudi kutoka shule nikamkuta mama mdogo amekaa mkekani na sindano mkononi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Hebu kaa." Alikuwa akinisubiri. "Wewe ndiye unayejua Kizungu humu ndani. Wanasema ile sinema imeeleza kwamba hawa wanangu wana watu ndani yao. Imesema hivyo kweli, au ni maneno ya watu tu? Ukiniambia ni maneno ya watu, kesho narudi stendi na kikapu changu, na sitamjali mtu."

Ilikuwa rahisi namna hiyo. Lakini ningelazimika kukiri kwamba Kiingereza sikijui, na karo yangu nyumbani ilitolewa kwa kujinyima. Niliona aibu. Nikasema, "Imesema, mama mdogo."

Alimtazama mwanasesere aliyekuwa mapajani mwake, bado hana macho. "Hata huyu?"

"Hata huyu."

Hakulia. Aliwakusanya wote, akawachoma kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, na mimi nikamsaidia kubeba. Hakushona tena hata kifungo cha gauni lake. Mwezi uliofuata alirudi Mamba kwa kaka yake, akawa anakaa barazani akichambua tangawizi za watu wengine.

Kila nilipokwenda kumsalimia nilipanga kumwambia. Na kila mara aliniwahi kwa kuwaita majirani: "Huyu ndiye aliyeniokoa. Bila masomo yake ningeendelea kuwapelekea watoto maiti." Kisha ananichinjia kuku. Nami nilimla, nikashuka zangu Same nikijichukia.

Siku ya kumzika mama mdogo, mchungaji alisoma wasifu wake mbele ya kaburi. Ulikuwa mfupi. Ndani yake marehemu alimshukuru Mungu kwa mtoto wa dada yake, ambaye elimu yake ilimfumbua macho mapema. Mchungaji akaniomba nisimame ili watu wanione.

Nikasimama.