Jiwe Lililokata Chupa

Karima Feruzi hawezi kukaa. Cherehani yake iko barazani, katika kiwanja cha familia yake huko Kabondo, mjini Kisangani, na wateja wamezoea kumwona akishona upindo nusu, akisimama, akienda kuchungulia ndoo, akirudi. Ndani ya ndoo hakuna nguo. Kuna mawe yaliyolowekwa katika maji ya ndimu ili kutu ya udongo iyatoke. Huyasugua kwa mswaki mkuukuu, huyainua juani, huona bado, huyarudisha. Muda si mrefu yuko pale tena.

Mawe hayo ni fuwele, meupe ya kupitisha mwanga, yenye pande sita na ncha moja. Baba yake, marehemu papa Feruzi, alitafuta almasi mtoni kwa miaka ishirini. Wachimbaji wa almasi huzitupa fuwele pamoja na changarawe, lakini siku moja yeye alitia moja mfukoni ili binti yake apate cha kuchezea. Binti sasa ana miaka arobaini na miwili, na hajaacha kucheza.

Kila Jumapili jirani yake Hilaire, mwendesha toleka, yaani teksi ya baiskeli, na baba wa watoto sita, humbeba hadi upande wa Masako, kwenye shamba la muhogo la mama Françoise. Mapatano yao ni mepesi. Karima anachimba pembeni tu, karibu na kijito, na anafukia shimo kabla ya kuondoka. Kwa ruhusa hiyo hushona kila nguo inayochanika nyumbani kwa mama Françoise.

Huchimba kwa jembe mpaka aone udongo mweupe. Hapo huweka jembe kando na kuchukua sipoko, kile chuma chembamba cha gurudumu la baiskeli, kwa sababu chuma kizito huvunja ncha, na ncha ikivunjika haioti tena. Hukwangua polepole, vidole vikitangulia, na mara nyingi hurudi nyumbani amejikata. Kwa miaka sita alijaza kopo la biskuti fuwele arobaini na moja. Zote zilikuwa na ncha upande mmoja na jeraha upande wa pili, pale ziliposhikamana na mwamba. Alichokitaka, kilichomnyima utulivu mbele ya cherehani, ni ile iliyokua peke yake katika udongo, yenye ncha mbili.

Aliipata Jumapili moja ya mwezi wa tisa. Ilikuwa na urefu wa kidole gumba. Aliiweka juu ya jani, akaenda kunawa mikono. Hilaire akafanya kile ambacho karibu kila mtu wa Kisangani hufanya akiona jiwe linalong'aa: aliokota chupa tupu ya bia, akaikwaruza.

"Yaya! Inakata chupa!" alimwita, kama sisi tumwitavyo dada mkubwa.

"Weka chini, Hilaire, utavunja ncha!"

"Ncha gani? Hii iko libanga!"

Libanga kwa Kilingala ni jiwe tu. Lakini mjini kwetu, likitamkwa kwa namna fulani, huwa ni almasi, na Hilaire alilitamka kwa namna hiyo hasa.

"Kristali pia inakata chupa," Karima alisema. "Papa yangu alikuwa anajua."

"Papa yako alikufa masikini, Yaya. Bon, alijua nini?"

Jumatatu habari ilikuwa Kabondo nzima. Jumanne wanaume kumi na mmoja waliingia shambani na sururu. Jumatano mama Françoise alisimama barazani kwa Karima, mkononi ana mche wa muhogo uliong'olewa, mizizi yake bado midogo kama vidole.

"Ni weye njo uliwaleta. Robo ya shamba imekwisha kufa. Wakifika dimanche, siku ya misa, mwaka huu sisi tutakula nini?"

Karima aliacha sindano katikati ya suruali ya mtu. Alimchukua Hilaire, wakaenda Makiso, katikati ya mji, kwa mnunuzi mmoja wa almasi, ili mwenyewe asikie. Mnunuzi aliishika fuwele, akaipulizia pumzi mara moja, akaitazama. Ukungu wa pumzi ulibaki juu yake.

"Diamant haishike mvuke, mama. Hii iko kristali. Weka nyumbani, ipambe meza."

Nje, Hilaire alikuwa anacheka.

"Umeona? Amekataa!"

"Donc? Basi nini?"

"Donc anaitaka! Mununuzi akisema hii iko kitu ya bure, njo bei inaanza. Weye mutoto wa Feruzi, hauyajue haya?"

Usiku ule cherehani ya Karima ilisikika ikianza na kukatika, ikianza na kukatika. Alfajiri alichukua kopo la biskuti, akaenda shambani kwa miguu.

"Munatafuta libanga?" aliwauliza wachimbaji. "Iko hapa. Kila mutu achukue, apeleke kwa mununuzi wake mwenyewe, ule anaamini. Mumoja tu akinunua, mutachimba mpaka chini ya kitanda yangu. Wakikataa yote, munatoka kwa shamba ya mama."

"Na kama wamepatana?" mmoja alidakia.

"Wanunuzi ya Kisangani wapatane? Siku gani uliona?"

Hata waliokuwa ndani ya mashimo walicheka. Kisha mikono ikaingia katika kopo. Kila mtu alitaka kubwa, na aliyepata kubwa alitaka na ndogo. Ilipobaki ile yenye ncha mbili tu, Hilaire, naye sasa akiwa miongoni mwao, alinyoosha mkono bila kumtazama Karima usoni. Karima aliishika kidogo, akampa.

Siku hiyo na kesho yake hakushona hata kifungo. Alitembea kutoka kijitoni hadi barabarani, kutoka barabarani hadi kijitoni, mpaka mama Françoise akamwambia, "Keti, unanizungusha kichwa." Ijumaa adhuhuri wanaume walianza kurudi. Walikuja kuchukua sururu zao, si kuchimba. Fuwele zao walizitupa mitaroni, mmoja akasema yake amempigia mbwa. Wanunuzi kumi na zaidi, wasiosalimiana wao kwa wao, walikuwa wamepuliza pumzi ileile na kutoa jibu lilelile.

Hilaire alifika wa mwisho, akisukuma baiskeli. Alifungua kiganja. Ncha moja ilikuwa imemeguka.

"Ulikata chupa ngapi?" Karima aliuliza.

"Nilienda kwa wanunuzi saba, Yaya. Moja kwa kila nyumba. Ili waone."

Karima alifumba macho. Alipoyafumbua alimpa jembe.

"Fukia."

Wakafukia wote watatu, mama Françoise akichomeka vipande vya miche nyuma yao, akiwakemea kila walipokanyaga vibaya. Walipofikia shimo la mwisho, lililochimbwa mbali na kijito, mahali ambapo Karima hakuwahi kuruhusiwa kugusa, alisita. Chini kabisa, sururu ya mtu ilikuwa imefunua mstari wa udongo mweupe, mpana kama mkono.

Hilaire aliinua jembe lenye udongo.

"Ngoja!" Karima alikuwa amekwisha kuchomoa sipoko kwenye fundo la kitenge chake. "Mama, naweza kuangalia kidogo mbele ya kufukia?"

Mama Françoise alimtazama, akatazama shimo, kisha mche uliokuwa mkononi mwake.

"Angalia. Lakini mimi nahesabu mpaka mia moja, na nahesabu mbio."

Karima alikuwa ndani ya shimo kabla mama Françoise hajafika mbili.