Chokaa ya Shamba la Baba Neema

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti kituo cha bondeni, nje kidogo ya Kilosa mjini, nimevaa viatu vya kanisani. Nilidhani bibi shamba ni mtu wa ofisini. Bwana Shamba Mkuu hata kiti hakunionyesha. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anawasha pikipiki, akanipakia nyuma hadi mashamba ya mlimani. Tukasimama kwenye mahindi yaliyodumaa.

"Ng'oa," akasema.

Nikainama kuangalia majani, kama tulivyofundishwa chuoni.

"Binti, nimekwambia ng'oa. Majani yanalalamika tu. Anza na mizizi."

Mizizi ilikuwa mifupi, minene, ncha zimevimba kama kidole kilichobanwa na mlango. Hapo ndipo nilipojifunza udongo wenye tindikali, ule wakulima wetu wanaouita udongo mchachu. Mvua huosha madini ya kalisi na magnesi yakazama chini, na mkulima akimwaga mbolea ileile ya chumvichumvi kila msimu, uchachu unazidi. Alumini iliyokuwa imetulia huyeyuka na kuunguza ncha za mizizi. Fosforasi, kirutubisho cha kukuza mizizi na kujaza punje, hukamatwa na hiyo alumini pamoja na chuma. Imo udongoni, ila mmea hauipati. Ndiyo maana unakuta majani yamegeuka zambarau na mwenye shamba anaapa kwamba ametia mbolea, na kweli ametia. Hata bakteria wa kwenye vinundu vya mizizi ya maharage, ambao kazi yao ni kuvuta naitrojeni hewani, hawastahimili.

Dawa yake ni chokaa ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa. Hupunguza uchachu, alumini ikatulia, fosforasi ikaachiwa. Lakini haina haraka. Inachanganywa na udongo mapema, kabla ya kupanda, ipate unyevu wa kuifanyisha kazi. Usiitie siku moja na urea au samadi mbichi, naitrojeni itapaa ubaki kuinusa. Na pima kwanza, nyie vijana wenye haraka. Ukizidisha, zinki na manganizi nazo zitafungiwa, na utakuwa umehamisha ugonjwa tu.

Baada ya bondeni nilihamishiwa kituo cha milimani, juu ya Berega. Huko ndiko nilikokutana na Baba Neema, mkulima mrefu, mpole, mwenye utani mwingi. Shamba lake lilikuwa la urithi, na mahindi yake yalikuwa yananifika magotini wakati wa kutoa mbelewele. Majirani walisema mbolea ndiyo imeua udongo. Mkewe, Mama Neema, alikuwa anaanza kuamini hivyo.

"Dada," Baba Neema aliniambia siku moja tukiwa tumekaa juu ya tuta, "msimu ujao likikataa tena, nahama. Shemeji yangu ana pori la kulima kule Mikumi, mpakani mwa hifadhi."

"Na tembo?"

"Tembo anakuja mara mojamoja. Njaa hapa inakuja kila mwaka."

Mama Neema hakutaka kusikia habari za Mikumi. Wazazi wake walizikwa mlimani, na kaka yake mwenyewe aliwahi kukimbizwa na tembo akavunjika mguu. Alinivuta pembeni akaniomba, "Bibi Shamba, nisaidie nisihame." Basi kazi yangu yote mwaka ule ikawa hiyo. Nilichukua udongo nikaupima, ulikuwa mchachu kupita kiasi. Nikahangaika na watu wa mradi mpaka wakakubali kuleta chokaa, shamba la Baba Neema liwe shamba darasa. Magunia yalifika wakati wa kiangazi, muda wenyewe hasa. Baba Neema akalipitishia jembe shamba lote, likawa linasubiri.

Wiki ileile ikaja habari kwamba kuna mgeni mkubwa atapita. Mnajua wenyewe kwetu mgeni mkubwa akija mambo yanavyokuwa. Mawe ya kando ya njia yanapakwa chokaa, na mashina ya miti vilevile. Mkuu wa kituo, ambaye jina lake nalihifadhi, akaniita.

"Chokaa si ipo stoo?"

"Ipo, mzee, lakini hiyo ni ya shambani. Siyo ya kupaka."

"Nyeupe si nyeupe?"

"Haishiki kwenye jiwe. Mvua moja tu inaisha. Na ikikosa kuingia udongoni sasa hivi, msimu wa yule baba umekwenda."

"Mama, mgeni atakagua njia, hatakagua udongo. Utaomba nyingine."

Nilibishana naye mpaka watu wakatoka ofisi za jirani kusikiliza. Akachukua ufunguo mwenyewe. Wakaikoroga kwa uji wa muhogo ili ishike, wakapaka mawe kutoka barabarani hadi mlango wa kituo. Mgeni alipita na vioo vya gari vimefungwa. Niliomba chokaa nyingine, nikaambiwa yetu tumeshapewa.

Mvua zilipokolea, Baba Neema alinipitia akanipeleka kwenye ile njia. Chokaa ilikuwa imeoshwa yote, na nyasi kando ya mawe zilikuwa zimestawi, kijani kibichi, kuliko nyasi zote za mlima ule. Akazishika akacheka.

"Bibi Shamba, hukunidanganya. Dawa yako inafanya kazi."

Nililia mbele yake, sioni haya kusema. Mahindi yake yalikuwa ya zambarau. Baada ya mavuno, kama ni ya kuitwa mavuno, alifunga mizigo. Mama Neema alinipa mkono bila kuniangalia.

Mdomo wangu ulinihamisha na mimi, nikapelekwa Mikumi. Sikuhuzunika, nikijua nitawakuta. Udongo wa kule ulikuwa na rutuba, na Baba Neema alikuwa amenenepa. Alinitania kila tulipoonana kwamba sasa hana shida na unga wangu mweupe. Msimu wa pili mahindi yalipokomaa alianza kulala kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia, akiwa na debe la kupiga kelele. Tembo waliangusha dungu. Mimi ndiye niliyetumwa kumwambia mkewe, na sitaki kuieleza asubuhi ile.

Mama Neema alimrudisha mlimani kumzika, akabaki huko na mwanawe. Mimi niliendelea na kazi, wakuu wakabadilika, hadi umri ukanifikisha kustaafu. Watu hustaafu wakafuga kuku. Mimi lile shamba lilikuwa halinitoki. Neema sasa ni mwanamke mzima na ndiye analilima, basi nikamfuata, tukapima udongo, tukaagiza chokaa kupitia duka la pembejeo Dumila. Tukaichanganya kiangazi, taratibu, kama inavyotakiwa. Mama Neema alitutazama kutoka kibarazani.

Mwaka huu mahindi yamenipita kimo. Maharage niliyang'oa mwenyewe nikakuta vinundu vimejaa, na nilipokipasua kimoja, ndani kilikuwa chekundu, dalili kwamba bakteria wanafanya kazi. Nilifurahi kama mtoto. Nikamwita Mama Neema aje aone. Akaja polepole na fimbo yake, akaingia katikati ya mistari, akashika jani, akalitazama sana.

"Kumbe lilikuwa linaponyeka," akasema.

"Lilikuwa linaponyeka, dada."

"Hata mwaka ule?"

Ningeweza kumwambia uongo. "Hata mwaka ule," nikamjibu.

Akakaa chini palepale kwenye udongo. "Miaka yote hii nimejifariji kwamba shamba lilikufa," akasema. "Kwamba mume wangu hakuwa na namna, ilibidi aende. Hicho ndicho kilichokuwa kinanilaza usingizi. Sasa umenionyesha kwamba angeweza kubaki."

Neema alisimama na jembe lake, hajui amfariji nani. Nilikaa chini kando ya mama yake. Miaka yangu yote kazini nilikuwa nasubiri kumwonyesha mahindi yale, na sasa nilikuwa nafukia kwa kiganja kishimo nilipong'oa maharage.