Kochi Lililozunguka Gatwekera

Jua halijapanda vizuri juu ya mabati ya Kawangware, lakini Jentrix Nabalayo tayari ana rundo la mikono ya mashati kando yake. Mashati yenyewe bado hayapo. Yeye hushona mikono kwanza, yote, kisha kola, kisha miili, na anayepita bila kuijua kazi yake hudhani mama huyu amechanganyikiwa.

"Mikono ndiyo husumbua," anasema bila kuinua macho. "Nikimalizana na mikono, hiyo ingine yote ni kuteleza tu."

Cherehani yake iko kwenye baraza ya duka la mahindi, karibu na soko. Ni ya kukanyaga kwa miguu, nyeusi, na maandishi yake ya dhahabu yamefutika kwa kushikwashikwa. Kila anapoanza kazi huipangusa kwa kitambaa, hata chini ya meza ambako hakuna anayeona. Ukimwuliza kwa nini, anakutazama kana kwamba umemwuliza kwa nini anawaogesha watoto wake.

Jentrix ana miaka thelathini na minne na ni mzaliwa wa Bungoma. Anaishi Gatwekera, Kibera, pamoja na watoto watatu na mumewe Wesonga, kibarua wa mjengo. Kila asubuhi hutoka Gatwekera kwa miguu, akapita Ayany, akavuka Barabara ya Ngong na kukata kupitia Riruta hadi hapa. Nauli, anasema, ni ya watu wa ofisi.

Ni mtu wa kucheka. Mimi nilikwenda kumhoji kuhusu shida ya mikopo, na nilikuwa nimejiandaa kwa sura ya matanga. Nilirudi mbavu zikiniuma.

Kwa miaka sita cherehani hii haikuwa yake. Ilikuwa ya mzee mmoja wa Kawangware, Mburu, naye Jentrix alimlipa shilingi arobaini kila siku, wateja waje wasije. Zipo siku alizorudi nyumbani na shilingi kumi mfukoni, na zipo alizorudi na deni.

Agosti mwaka jana, 1993, Mburu alimwambia kwamba amechoka na mji na anarudi shambani. Cherehani angeiuza mwisho wa Septemba kwa shilingi elfu sita. Fundi mwingine alikuwa tayari na pesa taslimu, lakini mzee alimpa Jentrix nafasi ya kwanza kwa sababu ya miaka waliyofanya kazi pamoja. Septemba ikiisha kabla hajapata pesa, basi.

"Nililia kidogo, halafu nikapanguza macho nikaenda kutafuta," anasema.

Alianzia kwenye duka la mjini linalouza vitu kwa malipo ya polepole. Wakataka mdhamini aliyeajiriwa, mwenye karatasi ya mshahara. Katika watu wote anaowafahamu Jentrix, hakuna aliyewahi kuiona karatasi hiyo. Akajaribu benki. Huko hakufika hata mlangoni.

"Askari aliniuliza nimeletea nani chakula," anasema, na hapo anaacha kukanyaga cherehani ili acheke vizuri.

Kikabaki kikundi. Jentrix na wanawake wengine wanne wa Gatwekera walikuwa wamejiunga na shirika dogo la mikopo lenye ofisi hapa Kawangware. Zamani mambo yalikuwa mepesi: watano wanadhaminiana, mmoja akishindwa wanne wanachanga, na mkopo unatoka. Lakini mwaka jana riba za benki zilipanda kupita kiasi, nalo shirika hilo hukopa benki ili liwakopeshe akina Jentrix. Likabana masharti. Neno la jirani halikutosha tena. Kila mkopaji alitakiwa kuwa na kitu kimoja kikubwa nyumbani, kama kochi, redio au kabati la vyombo, na ofisa alitakiwa aje akione kwa macho yake.

Ofisa mwenyewe ni Kavoi, kijana mpole wa pikipiki na viatu vinavyong'aa. "Sikuipenda hiyo sheria," ananiambia. "Lakini mshahara wangu ulikuwa unaipenda."

Katika wanawake wale watano, mmoja tu alikuwa na kitu kikubwa. Trizah Awiti, muuza dagaa wa omena, ana kochi la watu watatu alilotengenezewa na shemeji yake seremala. Ni kochi zito, la mbao kamili, na katika sehemu ile ya Gatwekera hakuna lingine la kulishinda.

Wazo lilikuwa la nani? Hapa ushahidi unagongana. Jentrix anasema ni la Trizah, na Trizah anasema ni la Jentrix. Linalojulikana ni kwamba Jumanne moja ya Septemba, Kavoi alipoacha pikipiki yake Ayany na kuingia Gatwekera kwa miguu, wanawake wale walikuwa wamekubaliana kwamba kochi litatembea.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Trizah mwenyewe. Kavoi aliketi, akanywa chai, akaandika: kochi moja. Alipoinuka, msusi wa nywele aitwaye Valentine, mwenzao katika kikundi, alijitolea kumwongoza hadi nyumba ya pili, ambayo ni yake. Akampitisha kwenye kioski cha maji, akamzungusha nyuma ya kanisa, akamrudisha karibu na reli, huku akimweleza kwamba ile njia fupi imezibwa na mtaro.

Njia fupi haikuwa imezibwa na mtaro. Ilikuwa imezibwa na kochi. Wale wanne waliobaki, Jentrix akiwamo, walikuwa wamelibeba mabegani, wakilipenyeza kati ya kuta za udongo na kuambiana kwa kunong'ona: inua, shusha, geuza, ngoja huyo kuku apite.

"Pale kona ya choo ilikwama," Jentrix anakumbuka. "Trizah akaniambia, Mama Mukhwana, vuta pumzi. Nikamwambia, mimi si kochi."

Kavoi alipofika kwa Valentine alilikuta kochi lina vitambaa vya manjano. Akaketi, akanywa chai nyingine. Anakiri kwamba alisikia harufu ya omena katika nyumba ya msusi. "Nikajiambia labda ni mpenzi wa omena," anasema. Akaandika: kochi moja. Kisha Valentine akamwongoza kwenda nyumba ya tatu, na safari hii wakapita kanisani mara mbili.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya Jentrix. Kavoi aliketi kwenye kochi lenye vitambaa vyeupe, miguu ikimuuma, akakataa chai. Alipojisogeza, kitu kikamchoma pajani. Akapenyeza mkono kati ya mto na mbao, akatoa ufunguo.

Ulikuwa ufunguo wa pikipiki yake.

Alijipapasa mfukoni. Mfuko ulikuwa mtupu. Akautazama ule ufunguo, akalitazama kochi, kisha akawatazama wanawake watano waliojipanga ukutani, wanne wakiwa wamelowa jasho na mmoja ana utando wa buibui kichwani.

"Huu ufunguo niliuweka kando yangu nilipokunywa chai kwa Trizah," alisema. "Sijaurudia. Sasa umefikaje hapa?"

Jentrix akavuta kigoda kilichokuwa kimefichwa chini ya kitanda, akakiweka katikati ya chumba.

"Bwana Kavoi, hiyo kochi ni ya Trizah," akasema. "Yangu ni hii. Kaa ukitaka."

Kavoi hakukaa. Alifunga mkoba wake, akasema angeandika alichokiona, akaondoka. Ndani ya chumba kile, anasema Jentrix, ilikuwa kama wametoka kuzika. Alikuwa amepoteza cherehani, na zaidi ya hilo alihofia kwamba amewaharibia wenzake wanne jina. Hapo hakucheka, na hata anaponisimulia leo sauti yake inashuka.

Asichokijua wakati huo ni kwamba Kavoi alipofika Ayany alishindwa kuwasha pikipiki. Alikuwa ameiinamia, anacheka hadi machozi yanamtoka.

"Nimeshadanganywa na redio," ananiambia. "Mtu anaazima redio ya jirani, hata betri hana. Hiyo nimezoea. Lakini kochi lile? Gatwekera ile? Mimi mwenyewe nikirudi kwa ile njia fupi nilikuwa nimegonga bega pale kona ya choo, na sikuwa nimebeba kitu."

Asubuhi yake Trizah alifika Kawangware kabla ofisi haijafunguliwa. Jentrix alimfuata nyuma akimsihi warudi, kwa kuwa alifikiri wanakwenda kuomba msamaha tu. Sivyo. Kwa sheria mpya, Trizah peke yake ndiye aliyestahili mkopo. Alikuwa ameupangia magunia mawili ya omena, anunue kwa jumla, aache kununua kwa kopo. Mbele ya Kavoi akasema mkopo wake apewe Jentrix, na kochi liandikwe kwa jina la Jentrix.

Kavoi akamwambia haiwezekani, kitu cha dhamana lazima kikae kwa mkopaji.

"Basi itakaa kwake," Trizah akamjibu. "Njia si inaijua."

Nilimwuliza Trizah mwenyewe kwa nini alifanya hivyo. Ni mwanamke wa maneno machache, na aliendelea kupepeta omena zake huku akinijibu. "Omena iko tu, hata mwezi ujao iko. Hiyo cherehani ilikuwa inaenda," alisema. "Na nguo za watoto wangu hushonwa na nani?"

Meneja wa Kavoi alikuna kichwa siku nzima, kisha akakubali. Septemba ikiwa ukingoni, Jentrix alimhesabia Mburu shilingi elfu sita. Mzee alizihesabu tena, akampa mkono, akamwachia na kichupa cha mafuta ya mashine.

Safari hii kochi lilipita mchana kweupe, kwa kelele na nyimbo, na watu wakatoka milangoni kutazama. Jioni Wesonga alirudi kutoka mjengo, akafungua mlango, akaona kochi, akasema samahani, akatoka nje. Ilibidi mkewe amwite kwa jina ndipo aamini kwamba hakukosea nyumba.

Malipo yalikuwa shilingi mia na themanini kila wiki, pamoja na riba. Januari, msimu wa sare za shule, yalikuwa rahisi. Aprili mvua iliponyesha mfululizo na baraza ikajaa maji, Jentrix alilipa kwa kushona viraka na kurefusha suruali za vijana waliokua ghafla. Wiki mbili kikundi kilimchangia. Alizirudisha pesa zao kwa kuwashonea watoto wao.

Na kwa muda wote huo familia ya Trizah iliketi juu ya mikebe na ndoo zilizopinduliwa. Wageni wakija, Trizah aliwapeleka kwa Jentrix wakaketi kwenye kochi lake.

"Nilikuwa nikiikalia naona aibu," anasema Jentrix. "Nilikuwa naketi kwa kona tu. Hata Wesonga nilimkataza kulala hapo."

Ijumaa iliyopita, Julai hii ya 1994, alilipa deni la mwisho. Jumamosi kochi likarudi kwa mwenyewe. Mukhwana, kifungua mimba wake, alinung'unika kwamba sasa watakaa wapi, naye mama yake akamwonyesha kigoda.

Sasa ni zamu ya Trizah kukopa. Lakini masharti hayakai mahali pamoja. Tangu mwezi uliopita shirika halitosheki na kochi pekee. Linataka pia mdhamini mwenye kifaa cha kazi ambacho ni mali yake mwenyewe, hakidaiwi na mtu. Ndiyo maana Jumatatu Kavoi alifika hapa barazani. Aliinama, akaikagua cherehani, akaangalia namba iliyochongwa chini, akavuta mnyororo unaoifunga kwenye nguzo kuona kama umeshika.

Jentrix aliweka sahihi. Trizah akishindwa, ni cherehani hii itakayochukuliwa. Nilimwuliza kama haogopi, baada ya kuitafuta kwa jasho namna ile.

"Naogopa," anasema. "Ningekuwa mwongo nikisema siogopi. Lakini heri niogope nikiwa na yeye."

Ana mipango. Januari anataka kumchukua Valentine, aliyechoka kusuka, amfundishe kushona kola. Baadaye anataka cherehani ya pili, ile ya kumalizia pindo, na akipata nafasi, kochi lake mwenyewe ambalo atalikalia katikati. Lakini haraka yake ya sasa ni Alhamisi, siku Trizah atakapopokea pesa za magunia yake mawili. Siku hiyo amekwishawaambia wateja kwamba hatafungua.

Anachukua mkono mwingine wa shati, anaunyoosha gotini.

"Miaka yote nimeulizwa tu, mama, nani atakusimamia," anasema. "Jumatatu Kavoi ametoa kalamu akaniuliza, wewe Jentrix, unamsimamia nani. Nikamwambia andika Trizah Awiti. Nikamwambia aandike polepole, asikosee jina."