Siku Niliyogombana na Futi ya Kupimia Kiuno

Nikubali tu yaishe: mimi ndiye yule mwanamume aliyekatwa suruali kwa mkasi katikati ya soko la Owino, mchana kweupe, na kama ulikuwepo basi ulishaona yote, sina cha kukuficha.

Nauza suruali za mitumba, Mkenya wa Bungoma, Kampala nina miaka kumi na miwili. Siku hiyo wahudumu wa afya waliweka meza mbele ya vibanda vyetu, wanapima bure. Presha yangu ikakutwa juu, sukari nayo juu, nikajifanya sijali (baba yangu aliuawa na moyo akiwa na umri wangu huu, kwa hiyo nilijua vizuri ninachokikimbia). Lakini nesi alipokunjua futi anipime kiuno mbele ya wateja wangu, nikagoma.

Sisi wauza suruali hatupimi kiuno. Tunazungusha kiuno cha suruali shingoni, ncha zikikutana, imekutosha.

"Sista, mimi navaa saizi thelathini na sita. Ona!"

Nikachukua suruali ya saizi hiyo, nikazungusha. Ncha zikakataa kukutana, nikavuta mpaka nikakohoa.

Mama Akello, mke wa askari, jirani yangu muuza viatu, mdomo wake hauna likizo, akapaza sauti: "Barasa, hata shingo yako imenona! Vaa basi tuone!"

Ningecheka yakaisha. Mimi nikaingia nyuma ya pazia, nikavuta tumbo ndani, nikalazimisha kifungo, nikatoka nikitembea kwa maringo bila kupumua, hatua ya tano giza likanifunika macho, nikaanguka juu ya rundo la mali yangu. Zipu ilikwama. Nesi akasema nikatwe nguo nipate hewa, Mama Akello akaleta mkasi, na soko zima likajua chupi yangu ina tundu wapi.

"Ssebo," nesi akaniita bwana kwa Kiganda nilipozinduka, "presha, sukari na mafuta ya tumbo, hiyo yote inasaidiana kuua moyo. Unaficha nani tumbo? Moyo yako inaijua."

Niliogopa, jamani, nikalia pale pale.

Kesho yake nilifungua kibanda kama kawaida. Dawa nameza, chapati za jioni nimeacha, kutoka Nateete ninakoishi mpaka sokoni natembea kwa miguu, na kila mwezi napimwa palepale hadharani, shati juu. Anayetaka kucheka acheke mpaka mbavu zimuume. Kumdanganya anayetaka kuniokoa, hilo sirudii, na watoto wangu hawatanizika kwa sababu niliona haya.