Nyaya za Baba Mdogo

Mto ulipofurika, maji yaliingia nyumbani kwa mama mdogo yakapanda mpaka usawa wa dirisha, yakakaa siku mbili. Yalipoondoka yaliacha tope la kimo cha kidole sakafuni, na ukutani mstari wa kahawia, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Soketi zote zilikuwa chini ya mstari huo. Watu wa umeme wakaja, wakakata pale nguzoni, wakasema hawaunganishi tena mpaka fundi aifungue nyumba nzima, aipime, aandike kwamba ni salama.

Mama mdogo na mama yangu ni tumbo moja. Mtaani wanamwita Mama Pindo, kwa sababu hawezi kuona pindo limefumuka akanyamaza. Atakusimamisha njiani, achomoe sindano kwenye kola yake, akushone hapo hapo umesimama, huku akikuuliza habari za nyumbani. Nimeishi naye tangu nilipoacha shule.

Mumewe, yaani baba mdogo, ni fundi umeme. Nyumba ile aliitia nyaya yeye mwenyewe, kuanzia boksi la breka mlangoni mpaka balbu ya chooni, kisha akaenda ng'ambo kwa mkataba wa miaka miwili. Sasa ni mwaka wa sita. Hupiga simu Ijumaa mchana, saa yake ya kupumzika, na siku hiyo mama mdogo haigusi cherehani, asije akakosa kuisikia simu ikilia.

Ijumaa ya kwanza baada ya mafuriko alimweleza yote. Simu ilikuwa mezani, imewekwa sauti kubwa, maana mikono yetu ilikuwa na tope.

"Pole, mke wangu. Pole sana. Sasa nisikilize. Nyaya zangu asiguse mtu."

"Watu wa umeme wanataka fundi."

"Na mimi ni nani, muuza nyanya? Nakuja mwenyewe. Mwisho wa mwezi niko hapo."

Mama mdogo alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Alasiri ile ile akatafuta mifuko ya nailoni, akaikata vipande, akafunika kila soketi na kila swichi, akabandika kingo kwa utepe. Alifanya kama mshonaji, pembe zote zimekunjwa sawasawa.

"Vumbi lisiingie," akasema. "Azikute kama alivyoziacha."

Mwisho wa mwezi ukafika. Tulipaka chokaa chumbani, akasuka nywele, akaazima pasi ya mkaa akanyoosha mashati ya baba mdogo yote manne. Ijumaa simu ikalia: kibali kimekwama, mwezi ujao. Mwezi ujao ukaja, msimamizi akawa mgonjwa, hakuna wa kushika nafasi. Mashati yalirudi kabatini yakiwa yamenyooka vile vile.

Siku zote hizo alishona kwa mkono. Cherehani yake ya umeme ilipona kwa kuwa tuliwahi kuipandisha juu ya kabati, lakini ingekula nini? Asubuhi alikaa mlango wa mbele, alasiri akahamia mlango wa nyuma, akilifuata jua. Tuna jirani wa ukuta kwa ukuta, mdomo wake hauna breka. Siku moja akapaza sauti:

"Mama Pindo! Mtaa mzima unawaka, wewe tu uko gizani. Umeolewa na mshumaa?"

"Angalau mshumaa unalala nyumbani."

Wakacheka wote wawili, jirani akapiga makofi kabisa. Mama mdogo akaingia ndani. Nilipomfuata nilimkuta amesimama mbele ya swichi ya sebuleni, ameweka kiganja juu ya nailoni. Hakuibonyeza. Aliweka mkono tu.

Ijumaa iliyofuata simu haikulia. Ikalia Jumamosi, dakika moja.

"Bado kidogo, mke wangu. Zile nyaya zipo?"

"Zipo."

"Basi nina sababu ya kuharakisha."

Ikakatika. Nikamwambia, mama mdogo, si tumwite tu fundi? Alinitazama kama nimemwambia auze kitanda.

"Nyaya zikishatengenezwa, atakuja kufuata nini?"

Nikaendelea kukunja nguo.

Wiki ya kumi na moja tangu mafuriko nilikuwa nafagia chini ya dirisha nikaona nailoni ya soketi ina matone kwa ndani, kama mfuniko wa sufuria. Nikamwita. Akabandua. Harufu ya tope la siku nyingi ikatupiga usoni, na vichwa vya skrubu vilikuwa vya kijani. Akabandua ya pili. Ya tatu. Alizunguka nyumba nzima, na zote zilikuwa vile. Akasimama katikati ya sebule na rundo la nailoni mikononi, akaangalia ukuta huu, akaangalia na ule. Kisha akavaa viatu.

Alirudi na Fundi Shoti, mtu mwembamba mwenye mvi za pembeni. Jina hilo, alisema mwenyewe, alipewa na maadui lakini limemletea wateja. Jambo la kwanza alichomeka testa kwenye boksi la breka.

"Si wamekata nguzoni?" mama mdogo akauliza.

"Umeme ni kama mama mkwe. Hata ukiambiwa kasafiri, wewe piga hodi."

Akafungua soketi ya kwanza, akanusa, akaigeuza.

"Nani aliweka nailoni?"

"Mimi. Nilikuwa nazuia vumbi."

"Vumbi lingefutwa, mama. Maji yalikuwa ndani, yanatafuta njia ya kutoka, wewe ukayafungia mlango. Zingefunguliwa wiki ile ile, tope likaoshwa, zikapigwa na upepo, ningekuokolea nyingi. Sasa maji yamepanda ndani ya waya kama mafuta kwenye utambi. Nyaya za balbu huko juu ni nzima. Za chini zote zitoke."

"Zote?"

"Zote. Au niache?"

Mama mdogo akaugusa ukuta. "Mume wangu ndiye aliyezivuta."

Fundi akainua macho, akafuata kwa kidole njia ya bomba la nyaya lililofukiwa ukutani, kutoka dari mpaka soketi.

"Alivuta vizuri. Sasa nikuambie, mama, ukuta wake siubomoi. Mkia wa waya wa zamani naufunga na waya mpya. Tunavuta upande mmoja, wa zamani unatoka, mpya unaingia njia ile ile. Yeye ndiye atakayenipitishia kazi."

"Basi nitavuta mimi."

Walivuta siku tatu. Fundi alipiga magoti upande wa kulisha, akiupaka waya mpya poda ya watoto uteleze, mama mdogo upande wa kupokea, mguu mmoja ukutani.

"Polepole, mama. Huo si mkia wa ng'ombe."

"Wewe lisha, acha maneno."

Viganja vyake vikawa vyeusi. Kila waya wa zamani uliotoka aliufuta kwa kitambaa, akauviringisha kama anavyoviringisha utepe wake wa kupimia, akaupanga kitandani. Fundi aliona, akaendelea kulisha waya.

Siku ya tatu walifika chumbani. Waya ukagoma. Wakavuta, wakarudisha, wakavuta tena, mara ukaja kwa wepesi hata mama mdogo akaanguka chali. Waya mpya haukuufuata. Mkononi alikuwa na kipande kama dhiraa tatu, na mwishoni mwake mabaki ya utepe mweusi.

"Kiungo!" Fundi Shoti akasonya. "Waya umeungwa ndani ya bomba! Nyumba nzima kafunga kama bwana harusi, hapa akaiba. Fundi hafichi kiungo mahali ambapo mkono haufiki. Huyu alikuwa na haraka."

Mama mdogo aliinuka akakaa, akaugeuzageuza ule mwisho.

"Chumba hiki alikimaliza asubuhi ya safari. Waya ulikuwa umepungua, na gari lilikuwa nje linapiga honi. Alitoka anafuta mikono, akaniambia nyumba yako haina kiungo hata kimoja."

"Alikudanganya."

"Alitaka nisiogope." Akaanza kuuviringisha ule waya. "Angesema kweli, ningemwambia abaki amalize. Gari lingeondoka. Angebaki."

Fundi akakumbuka kitu alichosahau kwenye mkoba wake huko mlangoni, akaenda kukitafuta, akakitafuta muda mrefu. Aliporudi alichukua patasi, akachimba ukuta upana wa kiganja, hapo tu, akautoa mwisho wa pili wa waya.

Alhamisi alipima kila njia kwa kifaa chake, akaandika karatasi, akatia sahihi. Ijumaa asubuhi watu wa umeme wakapanda nguzo, na balbu zikawaka mchana kweupe. Jirani alipiga vigelegele kupitia ukutani. Mama mdogo alishusha cherehani, akaichomeka, lakini hakushona. Alikaa nayo akingoja simu.

Ikalia.

"Mke wangu. Habari ya nyumba?"

"Umeme umewaka."

Nilisikia upepo wa huko aliko, na mtu akimwita mwingine kwa mbali.

"Nani kafunga?"

"Fundi. Na mimi, nimevuta kwa mikono yangu."

"Nilisema asiguse mtu."

"Zilioza nikikungoja."

Baba mdogo alivuta pumzi. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha kujitafutia pa kupita.

"Sasa nije kufanya nini mimi?"

"Hakuna kazi," mama mdogo akasema. "Kila kitu kimefungwa, kimepimwa. Ndiyo maana nakuambia njoo. Njoo ukae tu."

Baba mdogo alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Mama mdogo hakusema haloo, haloo, kama anavyofanya siku zote. Alingoja.

"Sijui ni lini," baba mdogo akasema. "Kweli kabisa. Sijui."

Miezi yote ile alikuwa na tarehe mdomoni. Mama mdogo aliondoa sauti kubwa, akaiweka simu sikioni, akageukia ukuta.

"Haya," akasema. "Umekula?"

Nikachukua ndoo nikatoka nje, nikaurudisha mlango nyuma yangu.