Machela Iliyokwenda Hospitali Ikiimba

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, mwanangu. Siku ya ndoa nilikuwa na njaa na viatu vya kuazima, sikumbuki hata padri alisema nini. Lakini siku aliyozaliwa Editha wangu, hapa hapa kilimani kwetu Kasulo, mpaka harufu ya migomba iliyolowa ninayo puani. Kaa nikusimulie, wewe mwenye tumbo na wewe mume wa mwenye tumbo.

Nilikuwa nimeshapasuliwa mara mbili. Mtoto wa kwanza alikingama tumboni kama gogo njiani, wakamtoa kwa kisu, na nashukuru, maana bila kile kisu usingekuwa unasikia sauti hii. Wa pili naye akatolewa njia hiyo hiyo. Wote wazima, mkubwa ni fundi pikipiki Nyakanazi, anakula kama watu watatu. Lakini maneno, mwanangu! Ulimi hauna mfupa. Tulikuwa tunamenya ndizi za harusi ya jirani, wifi yangu Leokadia akasema mbele ya wanawake wote, "Huyu naye mnamwita mzazi? Wa kwake si walipitia dirishani, kama wezi!" Watu wakacheka mpaka visu vikawaponyoka. Nami nikacheka. Ila ile ndizi niliyokuwa nayo niliimenya mpaka ikaisha mkononi.

Basi mimba ya tatu ilipoingia nikaapa: huyu atapita mlangoni, tena nyumbani, na Leokadia ashuhudie. Nikaenda kwa Bibi Velediana, nyanya yake mume wangu, mkunga aliyewapokea watu wengi wa kilima hiki.

"Shikamoo bibi. Huyu nitamzalia hapa hapa mikononi mwako."

"Marahaba, mjukuu. Unataka kuzaa mtoto, au unataka kuzaa jibu?"

Yeye akaendelea kuchambua maharage yake. Akasema, "Kovu la ngozi naliona. La ndani silioni. Chungu kilichozibwa ufa hupika vizuri tu, lakini hukiachi motoni ukaenda kutembea. Wiki za mwisho utakwenda kukaa kwa shangazi yako, karibu na hospitali. Ukitaka kusukuma, kawaambie wa hospitali mapema, usukumie huko, penye watu wa kukudaka ukianguka."

Niliondoka nimevimba mdomo kama niliyeumwa na nyuki. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu nalipenda. Nikakubali. Mume wangu, Sabasi, akapanga na wabebaji kwamba Jumamosi watanishusha mpaka barabarani.

Hapa ngoja nikueleze, maana nyinyi mmezaliwa mkakuta bodaboda. Zamani kila kilima kilikuwa na chama cha machela, kitanda cha kufuma chenye miti miwili, sisi tunakiita ingobyi. Kila mwanamume mwenye nyumba alikuwa mwanachama. Ukiitwa kubeba mgonjwa usitokee, faini ni mtungi wa pombe ya ndizi. Sabasi mwenyewe kuna siku alijifanya ana homa. Wakaja na machela mpaka kitandani: "Kama unaumwa, panda." Alilipa mtungi. Haya, turudi.

Jumamosi haikufika. Alhamisi asubuhi nikiwa napalilia maharage, chupa ikapasuka, na uchungu ukaja kwa kasi ambayo sijapata kuiona. Bibi akapiga ukelele, wanaume wakatoka mashambani na matope yao, wakanilaza kwenye machela, tukaanza kushuka. Hatukumaliza hata shamba la migomba. Bibi, aliyekuwa anatembea ubavuni kwangu, akasema, "Shusheni." Wanawake wakanizungushia vitenge, akanitazama, akainuka.

"Kichwa kimekaribia. Tukiendelea atazalia kwenye utelezi, mvua imeharibu njia yote. Mrudisheni ndani. Machela ikae mlangoni, nanyi msikae chini."

Mzee Pontiani, kiongozi wa wabebaji, akauliza, "Hata kidogo, bibi?"

"Mkikaa mtainuka polepole."

Ndani, Bibi alihitaji mtu mwenye mgongo imara wa kuniegemeza. Unadhani nani alikuwa karibu? Leokadia. Akaketi nyuma yangu, akanikumbatia. Bibi akaweka kiganja chake juu ya kovu langu na hakukiondoa. Masista wa hospitali walikuwa wamemfundisha kwenye semina ya wakunga: uchungu wa kweli huja na kuachia, ukija usiachie, hapo kovu linachanika, na mama na mtoto wanaweza kwenda wote. Kwa hiyo kila maumivu yalipopita aliniuliza, "Yameachia?"

"Yameachia."

Na nje Mzee Pontiani akawaambia wenzake, "Yameachia!" nao wakaitikia, "Yameachia!" kama wako kanisani. Mara nyingine tena: "Yameachia!" Mwanangu, nilicheka katikati ya uchungu, sijui kama umewahi kumwona mwanamke wa hivyo.

Halafu ukaja uchungu mmoja mkubwa. Bibi akauliza. Sauti yangu ikanikimbia. Akauliza tena, na safari hii macho yake hayakuwa ya mchezo. Nikasikia huko nje miti ya machela inainuliwa. Leokadia akazidi kunikumbatia. Nikavuta pumzi moja, nikapata pa kuanzia: "Yameachia!"

Nje wanaume walishangilia kama wamefunga goli.

Baada ya hapo ilikuwa kazi. Leokadia sikioni mwangu, analia na kupiga kelele kwa pamoja: "Sukuma, wifi! Mlango ndio huo, sukuma!" Nikasukuma. Editha akatoka analia, mweusi, mnene, ana hasira na dunia nzima. Vigelegele! Pontiani akaita kutoka nje, "Jike au dume?" Leokadia akajibu, "Jike, na mdomo wa mama yake!"

Mimi nikaomba uji. Bibi akasema, "Utaunywa njiani." Nilidhani mambo yamekwisha, kumbe kwake hayajaisha mpaka daktari alitazame kovu. Wakanipandisha na mtoto kifuani. Na wale wanaume, ambao machela yao ilizoea kubeba watu wanaougua, wakaanza kuimba. Waliokuwa njiani walivua kofia wakidhani ni maiti. Wakisikia wimbo, wanaacha majembe, wanatufuata. Tulifika barabarani kama harusi, Sabasi mbele anacheza vibaya kuliko wote.

Hospitali daktari akapima, akasema kovu limeshika. Sista akatugombeza kisawasawa: "Mmepona kwa Mungu. Asiige mtu!" Bibi akamjibu, "Ndiyo maana tumekuja, mwanangu."

Sasa sikiliza. Mimi naringa mpaka leo, sikatai; nilizaa kwa nguvu zangu. Ila sikushinda peke yangu, na ile mvua na ule utelezi sikuvichagua. Kama umepasuliwa na unataka kusukuma, waambie hospitali mapema na uende ukae jirani nao. Wenzako wengi wameweza, na palipo na kisu karibu ndipo ujaribie. Usichaguliwe pa kuzalia na kinywa cha mtu. Na uliyetolewa mtoto kwa kisu, wewe ni mzazi kamili, usimwombe mtu radhi. Nawe mwanamume, tafuta usafiri tumbo lingali dogo, na saa ikifika usikae chini.

Mungu akujalie ufunguke salama, kilio cha mwanao kisikike mpaka kilima cha pili, na upate watu wa kukusindikiza wakiimba.